Shangwe Niliyoitoa Nje

Mheshimiwa Bwana Shauri, Mtwa, chifu wetu, Baba Mchungaji, ndugu wageni waalikwa, wazazi na wanafunzi: kamwene! Nanyi mlioacha pombe yenu ya ulanzi nyumbani ili mje kuniaga mimi Enoki, mwalimu wenu wa miaka ishirini na saba, sitawaweka sana.

Nimeombwa niwaachie neno moja. Nimechagua shangwe.

Mwaka 1947 nililiandika ubaoni: "Shangwe ni furaha kubwa." Fidelia, ambaye leo ni muuguzi Ilembula, akanyoosha mkono. "Mwalimu, ukubwa wake unafika wapi?" Nikamwambia akae chini. Sikujua, na mwalimu asiyejua huwa mkali.

Jumapili iliyofuata, tukisali ndani ya kanisa hili hili tulimokusanyika leo, mlango ukafunguka. Akaingia Gideoni, mwana wa Esteria, aliyekwenda kukata mkonge Tanga, tuliyekwisha kumlilia kilio chote bila kuona maiti. Mama yake akasimama, kinywa wazi. Wapo wasemao kwamba shangwe na kushangaa ni ndugu. Wasomi wabishane, mimi undugu huo niliuona kwa macho. Kisha vigelegele vikamtoka, hata mbwa wa kijiji chote cha Lyamkena wakaitikia.

Nami, mzee wa kanisa wakati ule, nilifanya nini? Nilimshika mkono nikamtoa nje, mbele ya mwanawe. Nikasema vigelegele ni vya ngomani, si vya nyumba ya Mungu. Mungu mwenyewe sikumuuliza.

Huu ni mwaka wa tisa Esteria anasali akiwa nje, dirishani, mvua kwake, baridi ya Juni kwake. Wangapi wamemsihi aingie? Jibu lake ni moja: "Aliyenitoa anajua mlango ulipo."

Bwana Shauri, umenisifu kwamba nimefundisha watu wengi kusoma. Sifa hiyo naipokea yote, maana niliitolea jasho. Lakini shangwe sikuifundisha mimi. Ilipokuja kunifundisha, niliifukuza, nami naona aibu mpaka leo.

Mama Gideoni, nakuona hapo dirishani. Nilikukosea mbele za watu, na mbele za watu nakuomba: nisamehe.

Wazee wangu, ndugu zangu, asanteni kwa kunisikiliza. Makofi yenu yawekeni kwanza, nipisheni nifike mlangoni.