Kompyuta Yenye Inda

Mama mfagiaji alikuwa akisinzia kwenye basi la jioni aliposikia, kiti cha nyuma, karani wa ofisini kwao akimlalamikia jirani asiyemjua. “Dada, kompyuta yangu ina inda! Jana ilikubali neno langu la siri, leo asubuhi ikalikataa lilelile. Fundi kaja, kakuta kitufe cha herufi kubwa kimewashwa, kacheka, kaondoka. Nani anakiwasha?”

“Majini hayo.”

“Majini na herufi kubwa wapi na wapi?”

Mfagiaji akakumbuka kitambaa chake, na anavyovisugua vile vitufe kila alfajiri mpaka ving'ae. Kicheko kikambana mbavu. Basi liliposimama akainuka, karani akamwona.

“Shikamoo, mama! Dada, muone huyu, ndiye anayenisafishia meza. Kompyuta ingekuwa na roho kama yake, nisingelalamika.”