Maji Yaliyotolewa Hewa: Safari ya Mhadhiri Mwandamizi wa Famasia

Mpendwa wetu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 14 Machi 1956, katika nyumba ya tatu kutoka kituo cha reli, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa fundi saa na muuguzi. Alipokuwa na umri wa miaka tisa alipewa kidonge cha homa chenye ganda jekundu. Badala ya kukimeza, alichukua wembe, akaketi barazani na kuanza kulikwangua ganda lile. Mama yake alimfuma vidole vimekuwa vyekundu.

"Wewe mtoto! Dawa inamezwa, haihojiwi!"

"Kama haina la kuficha, mbona imevaa koti?"

Alichapwa, kisha akamezeshwa kilichobaki. Kilikuwa kichungu ajabu.

Alianza shule ya msingi mwaka 1963, akajiunga na sekondari ya wasichana mwaka 1970, na mwaka 1979 alihitimu shahada ya famasia, mwanamke pekee katika darasa la watu ishirini na wawili. Siku ya kwanza kijana mmoja alimwelekeza kwamba darasa la upishi liko jengo la pili. Alimwambia atangulie, kwa kuwa yeye ndiye aliyeonekana kuwa na njaa. Mwaka 1988 alipata shahada ya uzamivu ng'ambo. Utafiti wake ulihusu vidonge vinavyoachia dawa polepole mwilini, ili mgonjwa ameze mara moja badala ya mara nne kwa siku.

Tarehe 18 Agosti 1984 alifunga ndoa na mwalimu wa jiografia, mtu mpole aliyemwita "Daktari" hata alipokuwa akimwomba chumvi. Walijaliwa binti wawili.

Alifundisha chuo kikuu kwa miaka thelathini na mitatu, kuanzia Oktoba 1982 hadi alipostaafu Machi 2016. Maabara yake ilikuwa ghorofa ya chini, chumba chenye madirisha mawili yasiyofunguka na mtambo wa kupima vidonge. Mtambo huo una vyombo sita vya kioo vyenye maji ya joto la mwili, na kila chombo kina kasia dogo linalokoroga. Kidonge hutumbukizwa, kisha hupimwa kila saa kimeachia dawa kiasi gani. Kanuni ya kwanza aliyomfundisha kila mwanafunzi ni kwamba maji hayo sharti yapashwe moto na kunyonywa hewa kwanza. Yasiponyonywa, mapovu hukizingira kidonge na kukizuia kuyeyuka. Hapo hata kidonge kibovu huonekana hodari.

Kanuni hii humchukua mtu dakika arobaini. Mkuu wa idara hakuwa nazo. Mwaka 1995 alichapisha makala kuhusu kidonge chake cha shinikizo la damu, kilichodaiwa kuachia dawa kwa saa kumi na mbili, na kwa makala hiyo akawa profesa. Mwaka 1997, kiwanda kikiwa tayari kuanza kukitengeneza, marehemu alikirudia kipimo kwa maji yaliyotolewa hewa. Kidonge kilimwaga dawa yote kwa saa moja na nusu. Mgonjwa ambaye angekimeza asubuhi angeweza kuanguka kabla ya kufika kazini. Alimwita mkuu wake maabara.

"Dada, maji si maji tu?" mkuu aliuliza.

"Yako yana hewa, Profesa. Na hewa hiyo ndiyo iliyokupandisha cheo."

"Unanidhalilisha mbele ya wanafunzi!"

"Wanafunzi wa mwaka wa pili wanachemsha maji. Waombe wakufundishe."

Kuanzia siku hiyo wanafunzi walimwita Profesa Mapovu, na jina limemganda. Marehemu aliiandikia mamlaka ya dawa, na kidonge hakikutengenezwa. Makala, hata hivyo, ilibaki jaridani. Profesa Mapovu hakuiondoa, na kila mwaka aliwapa wanafunzi waisome kama kazi ya kuigwa. Mwaka 1999, 2004 na 2011 marehemu aliomba uprofesa. Mara zote tatu kamati, ambayo mwenyekiti wake hatuna haja ya kumtaja, ilijibu kwamba hana moyo wa ushirikiano. Kamati hiyo hiyo ilimpandisha mtu aliyenakili tasnifu pamoja na makosa yake ya tahajia. Marehemu alisimamia tasnifu arobaini na moja, zote za maji yaliyonyonywa hewa.

Februari 2023 figo zake zilianza kushindwa. Tarehe 9 Agosti Profesa Mapovu alikuja wodini na kapu la matunda.

"Dada, tumezeeka. Nitazungumza na chuo wakupe uprofesa. Tuyamalize."

"Umeiondoa makala?"

"Nani anaisoma siku hizi?"

"Wanaotengeneza dawa. Sitaki cheo. Iondoe makala, basi."

Mgeni alitazama saa yake. Marehemu alimwomba muuguzi amsindikize, na kapu lake.

Alifariki Jumapili tarehe 19 Novemba 2023, saa kumi na dakika ishirini jioni, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Juzi dereva wa chuo alileta barua ya kumtunuku marehemu uprofesa wa heshima, ikiwa na ombi kwamba isomwe hapa. Mumewe aliisoma akiwa amesimama mlangoni, akaigeuza kutazama kama nyuma kuna neno lolote kuhusu makala. Hapakuwa na kitu. "Hiki sicho alichokiomba," alisema, akairudisha kwenye bahasha na bahasha kwa dereva. Ndiyo maana jalada la ratiba hii ya mazishi linasema Mhadhiri Mwandamizi. Makala bado imo jaridani, na mwandishi wake ameketi mstari wa pili.

Marehemu ameacha mume, binti wawili, wajukuu watano, kaka mmoja, dada wawili, na wanafunzi wanaojua kuchemsha maji.

Mungu ampe pumziko lenye amani, Mhadhiri Mwandamizi wetu.