Marehemu Fundi Sifuri na Inchi ya Muuza Vitambaa

“Wewe ni mwizi! Wari yako imepungua inchi nzima!”

Hayo ndiyo maneno ambayo marehemu, kaka yetu Fundi Sifuri, alimtupia jirani yake muuza vitambaa asubuhi ya Jumatano, tarehe 8 Juni 2016, mbele ya wateja. Muuza vitambaa alimwonyesha fimbo yake ya chuma ya kupimia wari. “Chuma hakina mfuko wa kuficha inchi, fundi. Kama hukiamini, nenda kapime kwa atomu!” Watu wote walicheka isipokuwa marehemu, ambaye alikwenda kweli.

Lakini tuanze mwanzo, kwa kuwa hata yeye alizaliwa kama watu. Ilikuwa tarehe 9 Aprili 1962, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Baba alikuwa dobi, mama alishona vifungo.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1970 hadi 1976, akamaliza darasa la saba. Hesabu alipata mia kwa mia. Dada yake mdogo alisoma shule hiyo hiyo, akaishia darasa hilo hilo, na hakuona sababu ya kuwasumbua watu kwa mabilioni.

Alianza kushona mwaka 1979 akiwa kibarua, na mwaka 1988 akafungua chumba chake, milango miwili kutoka kwa muuza vitambaa. Kazi aliijua, na anayebisha avue koti alilomshonea tumtazame begani. Kiburi nacho alikijua. Suruali iliyoshonwa kwa fundi mwingine aliishika kwa vidole viwili kama panya aliyekufa.

Tarehe 3 Novemba 1990 alifunga ndoa na muuguzi wa kliniki ya watoto, mwanamke mwenye subira ambayo sisi wengine hatukujaliwa. Walipata watoto watatu.

Sasa zile atomu. Wiki ya ugomvi ule, mwalimu wa fizikia alileta suruali ipunguzwe, marehemu akamuuliza atomu hupimwaje. Mwalimu, bila kujua anatuletea balaa, akajibu kwamba kipo kipimo kiitwacho angstromu, na mita moja ina angstromu bilioni kumi. Kuanzia hapo hatukulala. Shibiri ikawa bilioni mbili, milioni mia mbili themanini na sita. Dhiraa ikawa mara mbili ya hapo. Wari ikawa bilioni tisa na vijisenti vyake. Aliandika yote ukutani kwa chaki ya kukatia, sifuri zikajaa kama mayai ya mende. Alipompima mke wake gauni alitangaza, “Kiuno, bilioni tisa, milioni mia sita hamsini na mbili!” Mkewe akamuuliza, “Mzee, umeoa mke au lori?”

Tungecheka yakaisha, lakini kila alipokwenda kununua bitana alidai inchi moja ya nyongeza kwa kila wari, kwa sauti ya kusikika barabarani. Muuza vitambaa alimpa ili anyamaze. Hakunyamaza. Kwa miaka sita mtaa mzima ulimwita yule mtu mwizi, wateja wakavuka barabara, na wengi wa waliovuka wapo hapa leo wamekaa viti vya mbele.

Mwezi Machi 2022 moyo wa marehemu ulianza kumsumbua, akawa mtu wa kitandani. Mwezi Juni akazaliwa mjukuu. Kliniki iliandika urefu wake sentimita hamsini. Babu akampima kwa tepu yake, akapandwa na hasira. “Kliniki yenu imemzidishia mtoto angstromu milioni mia moja na thelathini!”

Mkewe hakubishana. Alinunua tepu mpya, akailaza kitandani ubavuni mwa ile ya zamani. Alama ya inchi sitini ya marehemu ilikuwa imeipita ile ya dukani kwa karibu inchi mbili. Tepu ya kitambaa, imening'inia shingoni miaka ishirini, imevutwa, imelowa jasho, imerefuka, hivyo kila wari halali aliyoipima ilionekana pungufu inchi. Nguo za wateja zilikaa sawa kwa sababu aliwapima na kuwakatia kwa tepu ile ile. Aliyepunjika ni muuza vitambaa peke yake.

Siku ya tatu marehemu akaomba karatasi. Wari sita kwa mwezi, miaka sita, inchi moja kila wari.

“Bilioni mia moja na tisa, milioni mia saba ishirini na nane,” akasema.

“Kaka, sema kwa lugha ya binadamu,” dada yake akamwambia.

“Wari kumi na mbili.”

“Basi huo ni mzigo wa kwapani. Mpelekee.”

“Mtapeleka ninyi, mimi miguu sina. Na siku ya kunisomea wasifu, mseme mbele za watu: mwizi alikuwa mimi.”

Alifariki tarehe 21 Agosti 2022, alfajiri, akiwa na umri wa miaka sitini. Ameacha mjane, watoto watatu, mjukuu mmoja, dada mmoja, na ukuta unaohitaji chokaa.

Basi limesemwa, na walio viti vya mbele wamesikia.

Bitana ilipelekwa jana. Muuza vitambaa aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka rafuni.

“Hupimi?” dada wa marehemu akamuuliza.

“Nipime nini, dada yangu? Imefika.”

Mungu amlaze pema fundi wetu. Hadaiwi.