Mzee Hatua Mbili na Mstari Wake Mweupe

Mzee Hatua Mbili anastaafu Ijumaa hii tarehe 29, saa kumi alasiri, baada ya miaka thelathini na moja na miezi minne katika chumba cha bandeji cha kliniki yetu ya upasuaji wa pua. Hiyo miezi minne isiachwe. Ofisi ilitaka kuandika "miaka thelathini hivi." Nikawaambia "hivi" wakaiandike kwenye miaka yao.

Kazi hii ya kuandika maneno ya kumuaga walipewa kwanza watu wa utawala, waliosoma. Wakaandika sentensi sita, na tano kati ya hizo zingemfaa mstaafu yeyote, hata mlinzi wa geti. Mstaafu mwenyewe alipozisoma akasema aandike bibi wa usafi, yeye ndiye anayekijua chumba. Basi naandika. Nimekipiga deki chumba kile miaka kumi na tisa, na darasa la nne nililoishia lilinitosha kusema kitu kilivyo.

Kwa wageni watakaokuja kwenye sherehe, kazi yake ni hii. Daktari anaitengeneza pua, anasifiwa, anakwenda kunywa chai. Anayebaki na kovu ni muuguzi huyu. Mara nyingi kovu lenyewe liko kwenye kile kiukuta chembamba kati ya matundu mawili ya pua, au pembeni pale pua inapokutana na shavu. Ni dogo. Lakini mwenye nalo hutembea kama amebandikwa tangazo usoni.

Yeye ndiye aliyetoa nyuzi siku ya sita, kwa mkasi mdogo ambao hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuushika. Siku moja niliukatia uzi wa aproni yangu, akaninunia wiki nzima. Yeye ndiye aliyewafundisha wagonjwa kuosha taratibu, wasibandue ukoko, wapake jeli ya silikoni kidonda kikishafunga, wavae kofia pana wakitoka juani, na wasianze kulikanda kovu mpaka waambiwe. Kila mwezi aliwapiga picha, kiti kilekile, dirisha lilelile, saa nne asubuhi. Mwanga ukibadilika, kovu nalo huonekana limebadilika, na mtu analia bure.

Jina la Hatua Mbili alilipata kwa mstari mweupe aliouchora sakafuni, hatua mbili kutoka kwenye kiti cha mgonjwa. Hapo, alisema, ndipo watu wanaposimama wakizungumza na wewe. Wagonjwa walikuja na vioo vya kukuza, vile vinavyoonyesha kinyweleo kama shimo la nguzo. Yeye alivifunika kwa taulo, akaenda kusimama mstarini, akatazama, akasema anachokiona. Kulikuwa na baba mmoja, mwili wa kubeba jokofu peke yake, aliyevaa barakoa miezi mitatu, hata akiwa sebuleni kwake. Akaivua kwa shida. Mzee akatazama.

"Naona masharubu," akasema. "Naona jino la dhahabu. Naona kifungo cha shati umekikosea tundu. Kovu bado nalitafuta, baba, hebu nisaidie."

Yule baba alicheka mpaka nikakihofia kiti.

Mimi na mstari huo tulikuwa maadui. Sakafu naing'arisha mpaka unaona dari ndani yake, halafu mtu anaipaka rangi! Nikausugua. Akauchora. Nikausugua kwa dawa kali. Akauchora kwa rangi ya barabarani, sijui aliitoa wapi. Tulikwenda hivyo miaka mitano, na hakuna aliyemshtaki mwenzake ofisini.

Kisha mjukuu wangu akaja kufanyiwa pua.

Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi. Alikuwa na pua ya ukoo wetu, ninayo mimi, anayo mama yake, na hewa inapita vizuri. Akaamua kuipunguza. Nilimuuliza, pua ya watu watatu unaikata kwa ruhusa ya nani? Nikasema siku nyingi, mpaka Mzee akaniita pembeni. "Bibi, pua imeshakatwa. Ugomvi utakusubiri, kidonda hakitakusubiri."

Sikumsikiliza. Wiki ya tatu kovu lilikuwa jekundu kidogo, kama alivyotuambia litakuwa. Mimi nikaona linachelewa kupona. Nikampaka ndimu siku nne mfululizo, nimsaidie mtoto. Likawaka moto. Likainuka kama nusu ya punje ya mchele, na pembeni likafanya weusi.

Mjukuu wangu akajifungia chumbani. Likizo yake ya matibabu ikaisha, hakwenda kazini. Mwalimu mkuu akatuma ujumbe: muhula ujao ukifunguliwa na hayupo, darasa litapewa mtu mwingine. Mtoto yule alilitaka darasa tangu akiwa anawafundisha kuku wangu uani, na sasa lilikuwa linaondoka. Nyumba nzima tukamwambia halionekani. Mimi wa kwanza. Tulimwambia halionekani huku tukiangalia ukuta.

Nikamburuta kliniki. Mzee akamkalisha, akaenda kusimama mstarini, akatazama muda mrefu. Nikamkonyeza aseme kama tunavyosema nyumbani.

"Naliona," akasema.

Nilitaka kumvisha ndoo kichwani.

"Naliona, mwanangu. Liko kushoto, limeinuka, na lina wekundu. Sasa tuanze kazi."

Mtoto alilia. Kisha akainua uso, mara ya kwanza katika wiki tano. Mzee akamuuliza alipaka nini. Mjukuu akatazama dari. Mimi nikashika ndoo yangu kwa mikono miwili.

"Aliyepaka ana mapenzi mengi," Mzee akasema. "Mwambie ayapunguze."

Kwenye faili aliandika "ndimu," basi. Hakuniuliza tena na hakumsimulia mtu. Leo nasema mwenyewe: ni mimi. Na wewe unayesoma huku una ndimu yako umeiandaa, itie kwenye samaki.

Daktari alilichoma kovu sindano ndogo mara tatu, wiki kadhaa kati ya moja na nyingine. Yaliyobaki yalikuwa ya Mzee: jeli, kofia, na kukanda kwa ncha ya kidole dakika tano asubuhi na jioni, naye akimpigia simu kuuliza kama ni tano au ni mbili zilizovutwa. Muhula ulipofunguliwa, kovu lilikuwa bado linaonekana. Mjukuu akamuuliza, na watoto wakisema?

"Watasema. Waambie ni kovu, kisha waambie wafungue daftari za hesabu."

Akaenda. Mtoto wa dawati la mbele aliuliza kabla mwalimu hajatua mkoba. Akamjibu ni kovu. Nusu saa nzima darasa likamwonyesha magoti na viwiko, kila mmoja na hadithi ya alivyoanguka. Hesabu zilisomwa kesho yake.

Mwezi wa kumi na nne tangu upasuaji, Mzee alisimama mstarini, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Silioni," akasema. Halafu akanigeukia. "Bibi, njoo usimame wewe. Mimi huenda nampendelea." Nikasimama juu ya mstari nilioupiga vita miaka mitano. Sikuliona. Na mimi nalijua lilipo! Tangu siku hiyo deki yangu inauzunguka mstari ule, na anayeupitia na viatu vya matope ananijua.

Sasa msije mkadhani tunaaga malaika. Vikombe vyake vya chai nimevikusanya dirishani vya kutosha kufungulia mgahawa. Anapiga miluzi nyimbo nusunusu. Likizo hakuwahi kuimaliza, mpaka mkewe akaja kumtoa kwa mkono mbele ya wagonjwa. Lakini wauguzi kumi na wawili wamejifunza kwake, na binti mrefu anayechukua nafasi yake amekabidhiwa mkasi mdogo na kopo la rangi nyeupe. Binti, uchore ukifutika. Sitasema kitu.

Mzee Hatua Mbili, wafanyakazi wenzako tunakushukuru kwa mikono yako mitulivu na kwa mdomo wako usiopaka watu mafuta. Tunakuombea afya, usingizi wa mchana, na mkeo apewe subira ya kuvumilia vile vikombe.

Maneno haya yatasomwa Ijumaa na mjukuu wangu. Nimemwambia asimame chini ya taa kubwa, bila poda. Kiti chako ni kile cha mbele chenye kitambaa cheupe. Usikisogeze. Kiko hatua mbili kutoka atakaposimama, nimezipima mwenyewe.