Tunarushwa Ijumaa Saa Kumi

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya friji mbili mbovu, katikati ya kibanda cha kinyozi na karakana ya fundi friji. Fundi wanamwita Gesi, kwa sababu mteja akileta friji, kabla hata hajaigusa, yeye husema, "Hii gesi imeisha." Kinyozi ni Profesa. Kunyoa anajua, lakini kusoma gazeti kwa sauti ndiko anakokupenda zaidi, na wapo wateja waliotoka kwake na habari za dunia nzima na kichwa kilichonyolewa upande mmoja. Wa tatu ni Bima, aliyestaafu kuuza bima za maisha lakini hakustaafu kuyapigia hesabu maisha ya watu. Na anayewafanya wote wasiondoke hapo ni Mama Birika, mpika kahawa, mwenye maneno machache na yote ya kuchoma. Ijumaa hiyo, saa tisa alasiri, walikuwepo wote wanne. Gesi alikaa mwishoni mwa ubao, simu kaikalia kama kuku aliyeatamia yai, na kahawa yake ilikuwa imepoa bila kuguswa.

Alikuwa hivyo tangu Jumatano. Binti yake wa kwanza alikuwa amekwenda ng'ambo kusomea uhandisi, akamaliza, akaajiriwa hukohuko kwenye kiwanda kinachounda vyombo vya kwenda anga za juu. Mpaka hapo Gesi alijivuna, tena alijivuna mpaka majirani wakachoka. Halafu Jumatano jioni ukaingia ujumbe: "Shikamoo baba. Nimechaguliwa! Ijumaa saa kumi tunarushwa, sisi wanne. Usiku huu wanachukua simu zetu, nijibu kabla ya saa tatu. Mama nitamwambia mwenyewe."

Gesi aliusoma akiwa amesimama, akaumaliza akiwa amekaa chini sakafuni. Aliandika, "Usiende," akafuta. Akaandika tena, marefu, ya ukali na ya kubembeleza, akafuta yote. Jambo limeshaamuliwa, alijiambia, mtoto karibu anapanda. Je, nimsindikize kwa maneno ya ugomvi halafu yawe ndiyo ya mwisho? Saa tatu kasorobo akaandika, "Sawa mwanangu," akatuma. Tangu hapo simu ya binti ilikuwa imezimwa, na yeye hakumwambia mtu, hata mkewe anayelala naye kitanda kimoja.

Na kwa bahati mbaya, siku hiyo gazeti la Profesa nalo lilikuwa na habari za huko juu.

PROFESA: Jamani, mmeona hii? Wanapeleka watu tena. Na hela iliyoandikwa hapa, masifuri yamejipanga mpaka yameingia ukurasa wa michezo.

BIMA: Wanafuata nini?

PROFESA: Viwanja. Huku chini kumejaa. Wewe mwenyewe umejenga mpaka dirisha lako linachungulia jiko la jirani.

BIMA: Utajenga wapi hakuna hewa, hakuna maji?

PROFESA: Kwani hapo ulipojenga maji yapo?

Walicheka. Gesi naye alinyoosha midomo ili asishtukiwe, lakini sauti haikutoka.

MAMA BIRIKA: Mimi naona ni wazimu. Hospitali yetu ukienda unabeba na glavu zako. Hizo hela wangetibu watu.

PROFESA: Mama, usiseme hivyo. Hiyo simu unayoangalia kama mvua itanyesha, jibu linatoka juu kwenye mtambo. Wasingethubutu wale wa kwanza, leo wewe ungelowa na birika lako.

MAMA BIRIKA: Mtambo sawa. Mtambo hauna mama. Mimi nauliza, mtu wanampeleka wa nini?

Swali hilo lilimkaa Gesi kifuani. Aliitoa simu chini ya paja, akatazama. Saa tisa na nusu. Akairudisha.

BIMA: Nikwambieni ukweli? Hawaendi. Wanakimbia.

PROFESA: Wanakimbia nani?

BIMA: Sijui, na ndiyo maana naogopa. Nimeuza bima miaka thelathini. Nikimwona tajiri anatafuta mlango wa nyuma, najua nyumba ina walakini ambao hajaniambia. Hawa wana kitu wanakijua kuhusu hii dunia. Hakuna mtu anayemwaga mali kiasi hicho kwa kutaka kuona vumbi la mbali.

MAMA BIRIKA: Basi mbona hawaendi wao wenyewe? Wanatuma watoto wa watu.

BIMA: Eeh! Hapo sasa. Wale wa kwanza ni wa kuonja. Si mnajua wafalme walikuwa na mtu wa kuonja chakula? Anapewa kijiko, wanamtazama. Akidondoka, mfalme anaagiza sahani nyingine. Wala hapigi kelele, anaagiza tu.

 Gesi alikipapasa kikombe bila kukitazama, kahawa ikamwagikia suruali. Alisingizia nzi.

Profesa akaona Bima anakula sifa peke yake. Alikunja gazeti, akasogea mbele, akashusha sauti kama mtu anayetoa siri ya ukoo.

PROFESA: Bima, umekaribia, lakini hujafika. Hawakimbii. Wanaitwa.

MAMA BIRIKA: Haya, na huyu kaanza.

PROFESA: Nisikilizeni. Walianza na nani? Mbwa. Alirudi? Hakurudi. Wakaja nyani. Sasa watu. Mnaona inavyopanda? Huko juu kuna wenyewe, na wenyewe wana madai yao.

BIMA: Usinitie hofu, nina presha.

PROFESA: Tena nasikia mtu akifia kule hazikwi. Utamzika wapi? Anaelea. Macho wazi, haozi, anazunguka dunia tu. Kila saa moja na nusu anapita juu ya bati lenu, ninyi mko chini mnakula, mnabishana nani kamaliza sukari, na yeye huyo anapita. Mnalala, anapita. Mnazeeka, yeye bado yuleyule, anapita.

Bima alifungua kifungo cha shati. Na Gesi aliinua uso bila kutaka, akatazama mbingu juu ya bati la karakana. Ilikuwa bluu, tupu, haina hata wingu. Miaka yote aliichukulia kuwa ni juu tu, mahali pa kutokea mvua na jua. Sasa aliiogopa waziwazi, akaogopa kama mtoto anavyoogopa chini ya kitanda.

GESI: Kikivuja je?

Waligeuka wote. Tangu asubuhi hakuwa ametamka neno.

PROFESA: Nini kikivuja?

GESI: Chombo. Friji ikivuja, mimi najua. Tundu linaweza kuwa dogo hata sindano haipiti, na gesi yote inatoka. Lakini friji inakupa nafasi. Leo barafu inalainika, kesho maziwa yanachacha, keshokutwa unaniita. Kule unamwita nani?

BIMA: Kule ni sekunde tu, bwana. Humalizi hata kusema...

MAMA BIRIKA: Bima, nyamaza. We Gesi, una nini? Jasho linakutiririka na umekaa kivulini.

Alitaka kusema hana kitu. Kinywa kikamsaliti.

GESI: Ni mwanangu. Mkubwa. Leo saa kumi.

Mama Birika aliweka birika chini. Ndani ya kibanda, mteja aliyekuwa ameachwa kwenye kiti na povu shingoni aliacha kulalamika. Profesa alilikunja gazeti mara ya pili, na ya tatu, mpaka likawa dogo kama tofali, kama vile akilifinya sana habari zitatoka.

PROFESA: Gesi, ndugu yangu, yale ya kuitwa mimi nimeyatunga. Wallahi nimeyatunga hapahapa.

BIMA: Na mimi yule wa kuonja... si lazima adondoke. Wengi walikipenda chakula. Walinenepa.

GESI: Bima, niambie kweli. Wewe ungemkatia bima?

Bima alianza kuchunguza kucha zake. Ndiye pekee kijiweni asiyewahi kukosa jibu la swali kama hilo.

BIMA: Ningeomba nimuulize bosi kwanza.

Machozi yalimtoka Gesi, hakuyafuta. Aliwaambia yote, kuanzia ujumbe mpaka mke asiyejua kitu, ambaye saa hiyo alikuwa nyumbani anapanga nguo za binti kabatini, akiamini mwezi ujao anakuja likizo. Mama Birika akanyoosha mkono.

MAMA BIRIKA: Lete hiyo simu.

Aliusoma ujumbe polepole, kidole juu ya kila neno. Akausoma tena. Kisha akakunja uso.

MAMA BIRIKA: Tunarushwa. Wapi?

GESI: Wapi tena, mama? Angani.

MAMA BIRIKA: Umeona imeandikwa angani? Redioni si wanasema kila siku, kipindi hiki kinarushwa hewani moja kwa moja? Kwani kipindi kinapaa?

BIMA: Hewani na angani si kulekule?

MAMA BIRIKA: Si kulekule! Hewani unasikika. Angani unaondoka.

Gesi alisimama ghafla, ubao ukainuka upande wake, na Bima nusura aende chini. Saa kumi kasoro dakika nne. Walijazana kibandani kwa Profesa, wakamsukuma mteja na povu lake ukutani, na Profesa akabonyeza televisheni iliyokuwa juu ya kabati la mafuta ya nywele. Alipita kituo cha mpira, akapita cha mahubiri, akapita cha tamthilia. Kisha Gesi akapiga ukelele.

Alikuwa binti yake. Amekaa kwenye kochi na wenzake watatu, miguu yote miwili sakafuni, kavaa shati la samawati. Chini ya picha yake yalipita maandishi: MOJA KWA MOJA.

GESI: Hewani! Jamani, ni hewani! Mtoto yuko kwenye kochi!

Alimkumbatia Bima, akamkumbatia mteja, povu likamwingia sikioni. Profesa alipiga vigelegele vibaya sana. Gesi alicheka huku analia, akijiona mjinga, na hakuwa amewahi kufurahia ujinga wake kiasi hicho. Ni Mama Birika aliyewaambia wanyamaze wasikilize.

Mtangazaji alikuwa anasema kwamba vijana hawa wanne ndio waliochaguliwa kutoka maelfu walioomba. Watafanya mazoezi miaka miwili. Baada ya hapo watapanda chombo.

Kicheko kilikufa kimoja kimoja, cha Profesa kikiwa cha mwisho.

"Na wazazi wanasemaje?" mtangazaji aliuliza. "Maana huko hakuna uhakika."

"Mama ndio kwanza anasikia sasa hivi," binti alijibu, akatabasamu kwa woga. "Mama, nisamehe, natoka hapa nakupigia. Baba nilimwandikia Jumatano. Tulikuwa na nafasi mpaka saa tatu usiku kuamua, na nilishajiambia, baba akikataa, nabaki. Yeye ndiye aliyenifundisha kushika bisibisi, siwezi kwenda amekasirika. Nilijua atakataa. Nikakaa na simu mkononi, dakika zinakwisha. Akaniandikia, sawa mwanangu." Aliwatazama wenzake. "Nikatia sahihi."

Kibandani hakuna aliyemtazama Gesi. Yeye aliendelea kuitazama televisheni hata baada ya matangazo ya sabuni kuanza. Aliyaona yale maneno aliyoyafuta, moja moja, usiende, tafadhali, nakuomba, urudi nyumbani. Lolote kati ya hayo lingetosha. Alikaa kwenye kiti cha kunyolea.

PROFESA: Miaka miwili ni mingi, Gesi. Anaweza kubadili mawazo.

GESI: Humjui.

BIMA: Mpigie. Mwambie ulikosea kuelewa.

GESI: Nimwambie nini? Kwamba ile sawa ilikuwa ya woga? Umeona alivyoitaja?

Bima alizima televisheni. Na hapo ndipo alipotokea mlangoni mama mmoja wasiyemjua, gauni limeloa jasho, kabeba mpira wa mlango wa friji aliouvaa begani kama mkoba. Alikuwa amebisha karakanani weee, hakuna mtu.

MAMA MGENI: Hodi humu. Namtafuta fundi friji. Nimeambiwa yuko hapa. Mbona mmenuna, kuna msiba?

MAMA BIRIKA: Hakuna msiba. Fundi ndiye huyu. Binti yake kapata safari.

MAMA MGENI: Hee, hongera, baba! Mbali?

GESI: Mbali.

MAMA MGENI: Kheri, watoto waende wakaone. Wa kwangu naye yuko mbali, namhesabia siku. Wa kwako anarudi lini?

Profesa aliangalia gazeti lake lililokunjwa, ambalo asubuhi lilikuwa na majibu ya kila kitu. Bima alisogeza midomo, akapiga hesabu fulani, akaiacha. Mama Birika aligeuza uso kuelekea barabarani. Mama mgeni akawatazama mmoja mmoja, akisubiri, mpira begani, bado anatabasamu kwa adabu ya mtu aliyeuliza kitu cha kawaida.

Simu ya Gesi ikaanza kuita. Lilikuwa jina la mkewe, na kabla hajaipokea alijua kwamba naye atauliza hilohilo.