Fundi Timazi, Aliyeukanyagia Mfupa Mbichi

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Fundi Timazi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya tanuri la matofali. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto wawili wa kiume.

Alianza shule ya msingi mwaka 1968 akaimaliza 1974. Alipenda hesabu, imla akaichukia kama shubiri. Mwaka huohuo baba yao alifariki, nafasi ya kuendelea na masomo ikabaki moja, akapewa mdogo wake. Marehemu hakuwahi kulitaja jambo hilo. Tunalitaja sisi.

Alianza kazi kwa kukoroga zege, na kufikia 1983 alikuwa fundi mwashi kamili. Jina la Timazi lilitokana na ule uzi wa kupimia unyoofu wa ukuta, wenye risasi nchani, ambao alikuwa akiuning'iniza hata kwenye kuta walizojenga wengine, bila kuombwa. Ukuta wake aliumwagilia maji wiki nne nzima, na ole wake aliyeugusa. "We! Ukuta mbichi unauegemea kama mto wa kitanda?"

Tarehe 6 Desemba 1986 alimwoa fundi cherehani aliyeshonea barazani, mkabala na jengo alilokuwa akilijenga. Alianza kwa kumwambia meza yake imeinama, akaitilia kibao mguuni. Kesho yake akarudi kukikagua kibao. Keshokutwa tena. "Kibao hakijaoza, fundi," akaambiwa. "Sema kilichokuleta." Walijaliwa mabinti wawili.

Februari 2022 tofali la zege lilimwangukia mguu wa kulia, chini ya goti. Kidonda kilifunga kwa juu, huku ndani mfupa unaoza. Tarehe 19 Septemba madaktari waliukwangua mfupa uliokufa, na shimo lililobaki wakalijaza mfupa wa kutengenezwa: uji mweupe wenye chembechembe na vitundu, unaoganda ukishatiwa mwilini. Daktari wa mifupa alimweleza marehemu, mkewe akisikia.

"Mzee, huu unashika nafasi tu. Mfupa wako mwenyewe ndio utakaoota, uingie kwenye vitundu hivi, uchukue mahali pake. Mguu usiukanyagie mpaka nione picha."

"Lakini si umeganda?"

"Umeganda, ila..."

"Basi, daktari, nimekuelewa."

Hakuelewa. Katika maneno yote yale alilibeba moja tu, akalipeleka nyumbani kama mfuko wa saruji.

Mkewe aliyaficha mabuti yake kwenye pipa la unga. Wiki nne zilipotimia, mdogo wake, ambaye sasa ni mkandarasi, alisimama mlangoni. Viatu hakuvua.

"Kaka, kesho tunamwaga zege la ghorofa ya juu. Fundi niliye naye hata mwiko hajui kuushika. Njoo usimamie tu."

"Shemeji, mguu haujapona," mke akasema.

"Nawe shemeji! Mwanamume akilala sana anaota kutu."

Marehemu alicheka, akayasimamisha magongo nyuma ya mlango. "Wiki nne hizo, mke wangu. Hakuna zege ambalo halijaiva."

"Ukuta mbichi hutaki hata paka apite, leo mguu mbichi unaupandisha ngazi?"

"Nani kasema ngazi? Nasimamia."

Akaondoka na kandambili za bintiye. Kusimamia kukawa kupanda, kwa kuwa mbao za juu zilikuwa zimekaa upande, na hakutokea hata mmoja wa kumwambia ashuke. Jioni mguu ulikuwa umevimba. Picha ilionyesha ule mfupa wa kutengenezwa umepasuka, na usaha ukarudi pale ulipofukuzwa. Daktari alimwonyesha mkewe kingo za lile shimo: mfupa wake mwenyewe ulikuwa umeshaanza kuota. Ulikuwa unakuja. Ulihitaji miezi tu ya kuachwa.

Alishauriwa mguu ukatwe, akakubali, lakini sumu ilikuwa imetangulia kwenye damu. Alifariki asubuhi ya tarehe 8 Novemba 2022, mkono wake ukiwa mikononi mwa mkewe. Mdogo wake hakuwahi kufika wodini. Jengo lilikuwa halijakamilika. Sasa limekamilika, na limenyooka.

Ameacha mjane, mabinti wawili, wakwe wawili, wajukuu watatu, na mdogo wake, ambaye amegharamia jeneza hili na tunamshukuru kwa hilo.

Mjane anawaomba jambo moja mtakapompa mkono wa pole: msimwambie kwamba siku za mumewe zilikuwa zimefika. Hazikuwa zimefika.

Apumzike kwa amani. Na safari hii, jamani, mwacheni apumzike.