Kioo Hana Haraka

Muuguzi alikuwa kwenye basi akielekea zamu, masikio yote kiti cha mbele. Pale, bwana mwenye fomu ya hospitali mapajani alikuwa akimweleza jirani yake, fundi cherehani, siri ya nafsi yake.

"Wanajimu wa mtandaoni walipiga hesabu ya saa niliyozaliwa, dada, nikatoka mtu wa aina ya Kioo. Nishati adimu hiyo! Kioo haamui jambo zito mpaka mwezi umalize mzunguko."

"Na hiyo fomu?"

"Ya mama. Wanataka nitie sahihi apasuliwe leo."

"Hiyo saa uliyozaliwa alikutajia nani?"

"Mama."

"Hongera, kaka. Bahati yako, yeye kukuzaa hakusubiri mwezi."

Muuguzi akameza tusi. Basi likasimama kwenye geti la hospitali, akateremka, akageuka. Bwana Kioo alikuwa bado kitini, akitafakari kushuka.